Nyumba za Watu

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Mkuu ili niandike ziara za nyumba za wazazi. Nimeligeuza chini juu. Upande wa mbele nitaandika mambo ya kamati, na upande huu wa nyuma nitaandika ya kwangu, maana mdomo wangu umezoea kusema, na mvua zikianza, kibandani kwangu pa kushonea viatu hakuna wa kusema naye ila viatu vyenyewe.

Jana tulikuwa na mkutano wa wazazi wa darasa la mwisho. Wanafunzi ni sitini na watatu. Wazazi tuliofika ni tisa, na mmoja katika hao tisa alikuwa amejikinga mvua tu, hana mtoto pale. Mwalimu Mkuu alitueleza kwamba fomu za vyuo zinafungwa Aprili, mtihani ni Mei, na mtoto asiye na mtu nyumbani wa kumwuliza leo umesoma nini huanguka hata kama akili anazo. Mama yule anasema kwa upole, lakini upole wake unakukalia begani. Mimi nikasimama kuwasema wazazi wasiokuja. Nikasema, nikasema. Nilipokaa nikakuta nimekwisha kuwa mwenyekiti wa kamati. Ndiyo faida ya domo.

Ninaye binti darasa hilohilo. Tunamwita Karani tangu ana miaka sita, kwa sababu alikuwa akimwandikia mama yake kila kitu, hata majina ya waliokuja kuazima ndoo. Anataka kusomea upimaji ardhi. Chuo cha kazi hiyo ni kimoja tu, nacho hakimchukui mtoto aliyeanguka hesabu. Mama yake alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Hapo sitaandika zaidi.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Jozi mbili tu, zote visigino.

Jumapili, 8 Machi

Nimezunguka nyumba kumi na moja. Kwa dereva wa lori mtoto alifungua mlango akasema baba hayupo. Mimi nikaona ncha za viatu chini ya pazia, na viatu vile navijua, soli nimeipiga mwenyewe Januari. Nikalisalimia pazia, nikaliuliza hali, nikaliambia mkutano ni Jumapili ijayo saa nne. Pazia likakohoa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Sabuni, anayepika sabuni za kufulia uani kwake. Mwanawe ndiye tunayemwita Kengele, kijana mrefu anayegonga kengele ya shule. Mama huyo hakunificha kitu. Aliniambia hakusoma hata darasa moja, sasa akikaa na mwanawe amwambie nini kuhusu masomo. Nikamwambia amwulize tu amesoma nini leo. Hata asipoelewa jibu, mtoto ataona ameulizwa. Mwenyewe nililipenda neno langu, nikalirudia njiani.

Nimefika nyumbani jua limezama. Karani alikuwa amefunika chakula. Alitaka kunionyesha jambo kwenye daftari lake la hesabu, nikamwambia kesho, mama'ngu, miguu inawaka moto.

Alhamisi, 12 Machi

Nimepata dawa ya wazazi! Mtu akileta kiatu nampokea vizuri, namwambia kitakuwa tayari Jumapili, na atakichukulia ukumbini. Si kibandani, ukumbini. Mke wa fundi bomba ameniita mtekaji nyara. Nimemwambia alie tu, kiatu chake kiko salama, kinakula na kulala vizuri.

Jumapili, 15 Machi

Nimeingia ukumbini na magunia matatu ya viatu. Wamekuja wazazi hamsini na mmoja. Hamsini na mmoja! Wengine wamekuja na kandambili, wengine wamevaa viatu vya waume zao. Nilikuwa nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba viatu vitagawiwa baada ya hotuba, si kabla, maana nawajua watu wangu. Dereva wa lori alikaa mstari wa mbele, akacheka mpaka machozi nilipowasimulia habari za pazia bila kumtaja.

Mwishoni Mwalimu Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwa miaka kumi na minne hajauona ukumbi ule umejaa. Nimerudi nikitembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Jumatatu, 16 Machi

Walimu wamenipa barua za wazazi nizigawe, kila mtoto na yake, alama za mtihani wa majaribio na mambo anayohitaji. Bahasha zimeandikwa kwa mkono wa Karani, kwa sababu shule nzima hakuna mwandiko kama wake. Nimegawa sitini na mbili kwa siku moja, nyingine nimezitia ndani ya kiatu cha mwenyewe.

Yangu nimeiweka kwenye jalada la kamati. Wataniandikia mimi kitu gani nisichokijua, na barua zenyewe ni mimi ninayezipeleka?

Alhamisi, 19 Machi

Karani ameniuliza kama nimesoma barua. Nimemwambia nitaisoma.

Jumanne, 24 Machi

Mvua ya siku tatu. Maji yameingia kibandani, nimeinua kila kitu juu ya benchi. Nilifunga mapema nikaenda kwa dereva wa lori, tukakaa na binti yake mpaka akaelewa kwamba baba yake hataki kumwoza, anataka tu kujua ualimu unasomewa miaka mingapi. Walikuwa hawajazungumza tangu Desemba. Baba mtu alilia. Mimi nikatazama ukuta.

Jumapili, 29 Machi

Leo nimegombana na Mama Sabuni. Hakuja kwenye ule mkutano wa viatu. Nilimfuata hadi uani kwake, nikamkuta anakoroga pipa, moshi umemjaa machoni. Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, na kama sabuni ni bora kuliko Kengele basi aseme. Alikoroga tu. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba kila jioni anamwuliza mwanawe amesoma nini, kama nilivyomfundisha, na mwanawe anamweleza mpaka usingizi unampata, na je, hilo halihesabiwi?

Nilimwambia linahesabiwa, lakini mkutano ni mkutano. Nilikuwa na haraka, nilibakiza nyumba nne.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo nilirudi mapema. Karani alikuwa amesimama jikoni amenipa mgongo, amevaa sweta la kijivu la mama yake, mkono mmoja kiunoni, namna ileile. Niligeuka pale mlangoni nikasema nimesahau nyumba moja. Sikuwa nimesahau nyumba yoyote. Nilitembea hadi kibandani nikakaa ndani mlango umefungwa, mvua ikipiga bati.

Nitaandika ukweli huu mara moja tu. Nyumba za watu zina kelele, na mimi naziweza kelele. Yangu siiwezi.

Alhamisi, 9 Aprili

Barua nyingine za walimu. Nimegawa zote. Hii ni mara ya tatu, na sasa nina mpango mzuri, nazipanga kwa mitaa. Mwalimu wa hesabu alisimama karibu yangu kama mtu mwenye neno, kisha mzazi mmoja akaja kudai kiatu chake, basi yule mwalimu kijana akaondoka.

Karani amesema, "Baba, barua." Nimemwambia iko kwenye jalada, mama, usiwe na wasiwasi.

Jumanne, 14 Aprili

Mafua.

Jumamosi, 18 Aprili

Jumamosi ijayo ni Siku ya Viti Viwili. Ni wazo la Mwalimu Mkuu. Kila mtoto atakuwa na meza yake na viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mzazi, na walimu watapita meza kwa meza na fomu ya chuo. Fomu inajazwa na mtoto upande mmoja na mzazi upande wa pili, hapohapo, mbele ya mwalimu. Mwenye kiti kitupu fomu yake haiendi. Nimeahidi kwamba hakutakuwa na kiti kitupu hata kimoja. Nimeapa mbele ya walimu wote.

Viatu nilivyoshikilia ni jozi arobaini na nne.

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika jioni hii, Karani yuko chumbani mwake na mlango umerudishwa.

Asubuhi alinipigia pasi shati. Aliniuliza, "Na wewe utakaa, baba?" Nikamjibu kwamba nitakuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, shughuli yenyewe si yangu? Alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta mwavuli. Mimi nilitangulia na mkokoteni wa viatu.

Walikuja. Niseme haki, walikuja kwa wingi ambao sijapata kuuona. Nilisimama mlangoni nikiwapokea, nikiwaelekeza meza zao, nikitania, nikigawa viatu kwa waliokwisha kaa. Dereva wa lori alivaa koti. Mama Sabuni alikuja na gauni la kijani lenye mikunjo ya sandukuni, akapita mbele yangu bila kunisemesha, akaenda kukaa na Kengele. Saa nne na nusu Mwalimu Mkuu akanipa kipaza sauti niseme neno la kufungua.

Nilipanda jukwaani. Ukumbi ni mrefu na siku yenyewe ilikuwa na giza la mvua. Nikatupa macho mstari kwa mstari, na kule nyuma kabisa, karibu na dirisha, nikaona kiti kimoja kitupu. Kando yake mwanafunzi ameinamia meza, uso kwenye mikono. Nikapandwa na hasira. Niliapa mimi! Na maneno niliyoyasema nayaandika yote, nisijidanganye baadaye kwamba niliyasema vingine.

Nilisema, "Kule nyuma naona kiti kitupu. Sijui ni cha nani, na sitaki kujua. Lakini mtoto yule ana mzazi, yu hai, anakula, anacheka na watu mitaani. Nyumba yake nimefika. Barua yake nimempelekea. Mzazi wa namna hiyo hana tofauti na aliyekufa. Afadhali aliyekufa, maana yule ana sababu."

Watu wawili watatu walicheka, walidhani ni utani wangu wa kawaida. Kisha mtoto yule akainua kichwa, na alikuwa Karani.

Hakulia. Alinitazama tu kutoka kule mwisho wa ukumbi, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama, kisha ukageuka kunitazama mimi. Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma mkononi mwangu, sikujua pa kukizimia. Nasikia watu husema ardhi ipasuke niingie. Mimi sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba tangu Machi nimemwita kila mtu mzazi, na mwenyewe sikujihesabu. Nilijihesabu mwenyekiti.

Aliyeinuka kwanza ni Mama Sabuni. Alimwacha Kengele, akapita katikati ya meza na gauni lake la kijani, akaenda akakaa kile kiti. Akamwekea Karani mkono mgongoni. Hakunitazama hata mara moja. Alikaa pale mpaka mimi niliposhuka jukwaani na kufika, na ulikuwa mwendo mrefu, halafu akaniachia kiti.

Nikakaa. Mwalimu wa hesabu alikuja na fomu, kijana wa watu, hajui pa kuweka macho. Alinipa ukurasa wa mzazi. Umeandikwa juu: mzazi amweleze mtoto wake kwa maneno yake mwenyewe, anapenda nini, anasoma wakati gani, nini kinamsumbua. Mistari tisa. Ukiniuliza kuhusu Kengele nitakujazia mistari tisa. Binti wa dereva, nitakujazia. Nilishika kalamu nikaandika kwamba anapenda kuchora ramani za mtaa, anasoma alfajiri, na anasumbuliwa na meno.

Karani alisoma. Alisema kwa upole, kana kwamba anamsahihisha mtoto, "Meno yaliisha nikiwa darasa la tano, baba. Na alfajiri sisomi siku hizi. Alfajiri nafua."

Nikamwomba basi aniambie mwenyewe, niandike. Akasema fomu inataka maneno ya mzazi.

Hapo mwalimu wa hesabu akakohoa. Alisema, "Mwenyekiti, hata tukiijaza, ya upimaji haitakwenda. Tulikuandikia mara tatu."

Mimi nikamwuliza mmeniandikia nini. Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

Jumapili, 26 Aprili

Zote tatu zilikuwa kwenye jalada, zimefungwa. Kwa mzazi wa, kisha jina lake kamili, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alijiandikia bahasha hizo kwa mkono wake akijua kilichomo, mara tatu, nami nikapewa nizipeleke kwangu.

Ya kwanza inasema alama zake za hesabu zimeshuka tangu mwezi wa tisa, kutoka nafasi ya pili darasani hadi ya arobaini, na shule imeanzisha masomo ya ziada jioni kwa wanaotaka vyuo vya ufundi. Masomo yanaisha giza linapoingia, kwa hiyo msichana haruhusiwi kubaki bila sahihi ya mzazi na mzazi kumfuata. Ya pili inauliza kwa nini sijajibu. Ya tatu ina mistari minne. Inasema orodha ya chuo cha upimaji inafungwa tarehe ishirini Aprili, binti yangu ni mwerevu, anahitaji mtu wa kukaa naye, tafadhali nifike shuleni siku yoyote.

Nilikuwa nafika shuleni kila siku.

Nimemwuliza Karani kwa nini hakuweka sahihi mwenyewe, kwa mwandiko ule angeweza kuiga ya mfalme. Amesema hakutaka sahihi.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kengele. Nimeomba, nimebembeleza, nimetaka kupiga magoti akanizuia. Orodha imekwenda na hairudi. Chuo kinapokea majina kwa alama za majaribio na mahudhurio ya masomo ya ziada, na Karani hana alama wala mahudhurio. Atafanya mtihani kama wengine, lakini mwaka huu upimaji umempita. Alisema na yeye ana lake la kujutia, kwani aliniona mlangoni kila siku akadhani mtu anayejua watoto wa watu wote hawezi kukosa kumjua wake.

Nikamwambia nimejiuzulu uenyekiti. Alisema nisijiuzulu kwa hasira. Nikamwambia si hasira, ni kwamba nataka kurudi nyumbani mapema.

Nyani haoni kundule. Nimewaambia wazazi wengi hivyo mwezi ule wa tatu, na walicheka.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimefunga kibanda saa tisa. Nimekaa mezani na Karani. Nimemwuliza amesoma nini leo. Amenijibu vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyomjibu mgeni aliyekuja kumwulizia baba yake.

Ijumaa, 1 Mei

Nimekaa tena. Alikuwa anafanya hesabu za pembe. Sizijui, lakini nimemwomba anieleze, akaeleza. Nilisahau mara moja. Aliona kwamba nimesahau, akafunga daftari akasema tutaendelea kesho, baba. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia.

Jumanne, 5 Mei

Mimi ndiye ninayefua sasa. Nilichelewa kujua kwamba kufua shuka peke yako kunavunja mgongo. Alikuja akashika upande wa pili tukakamua pamoja, huku mmoja na kule mmoja. Nilitaka kusema jambo juu ya mama yake. Nilifungua mdomo, mimi mwenye domo, neno halikutoka. Yeye alisubiri kidogo, kisha akaenda kuanika.

Jumatatu, 11 Mei

Mtihani umeanza. Nimemsindikiza na mwavuli hadi getini. Wazazi wengi walikuwepo getini, kila mmoja na wake, jambo ambalo shule ile haijapata kuliona. Walinisalimia, "Mwenyekiti, mwenyekiti." Karani aliingia bila kugeuka.

Jumatano, 13 Mei

Hesabu ilikuwa leo. Sikuuliza. Alisema mwenyewe, "Nimejibu nusu."

Ijumaa, 22 Mei

Mtihani umekwisha, na mvua nazo zinakatika. Mama Sabuni alikuja kibandani na mche wa sabuni umefungwa kwa karatasi. Kengele amekubaliwa chuo cha umeme, na barua ya kuitwa itakuja alama zikitoka. Alisema amekuja kushukuru, maana lile neno la kumwuliza mtoto amesoma nini alipewa na mimi, na mtoto mwenyewe amemwambia kwamba maswali yale ndiyo yaliyomkalisha kitako.

Nilimwomba radhi kwa siku ile ya pipa. Akasema yamekwisha. Kisha akakaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia jambo ambalo limenikaa kifuani tangu hapo. Siku ile ya viti viwili, alipomwekea Karani mkono mgongoni, Karani alimnong'oneza kwamba asimkasirikie baba, baba ana nyumba nyingi.

Nilishona viatu vitatu baada ya yeye kuondoka. Kimoja nimekishona ndani nje.

Jumapili, 31 Mei

Karani ameniomba nimpigie simu mama yake mdogo, dada wa marehemu, anayekaa mji mwingine mwendo wa siku nzima. Anataka kwenda kukaa kwake arudie darasa la mwisho huko. Shule ya huko ina mwalimu wa hesabu mzuri, na mama mdogo hana watoto. Wamekwisha zungumza wenyewe, na kumbe wamezungumza tangu Aprili. Mimi naombwa ruhusa tu.

Nilimwambia anaweza kurudia hapahapa. Nitamfuata kila jioni. Nitakaa nje ya dirisha la darasa kama itabidi.

Alisema, "Najua utafanya hivyo, baba." Alisema bila ukali wowote. Nikaona kwamba ananiamini, na kwamba hiyo haibadilishi kitu.

Ijumaa, 5 Juni

Mama mdogo amekuja na karatasi za uhamisho. Ni mwanamke wa maneno machache. Aliponiamkia aliniita shemeji kama zamani, na nilishukuru kwa hilo. Tulikaa mezani sisi watatu baada ya chakula cha mchana. Karatasi ina sehemu ya mzazi anayemwachia mtoto na sehemu ya mlezi anayempokea, na katikati kuna mistari ileile: amweleze mtoto kwa maneno yake mwenyewe. Mistari hiyo ni ya mlezi kujaza.

Mama mdogo aliijaza yote tisa bila kuinua kalamu. Aliandika kwamba anapenda mambo yanayopimika. Kwamba tangu msiba analala na taa, na hesabu zilimshinda kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili wa utepe wakipima ua pamoja, na kila akifungua kitabu cha hesabu anaona mkono ule. Nilisoma maneno yakiwa kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Nimekaa nyumba moja na mtoto huyu miezi tisa ya msiba, na habari hizi nimezisoma kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Niliweka sahihi pale pa mzazi anayeachia. Karani alinionyesha kwa kidole mahali penyewe.

Jumamosi, 6 Juni

Wameondoka na basi la saa mbili asubuhi.

Mama mdogo alitangulia kupanda, akatuacha. Jua lilikuwa limetoka, barabara inafuka mvuke. Nilimwambia Karani kwamba najua nimemnyima chuo, na sitamwomba anisamehe leo, atanisamehe siku atakayoweza.

Alitikisa kichwa. Alisema si chuo. Chuo kitakuwepo mwaka ujao.

"Mimi nilikuwa nakuona unavyotoka kila jioni," alisema. "Nikasema acha awamalize. Nilidhani ukimaliza nyumba za watu, utafika kwetu."

Nilimshika. Nilimshika pale stendi mbele ya watu wote, naye akanishika, na nilimwambia habari za mama yake, neno la kwanza tangu mwezi wa nane. Nilimwambia nyumba ilinishinda kwa sababu yeye amesimama kama mama yake, anapika kama yeye, anakohoa kama yeye, na nilikuwa naogopa kumtazama. Aliniuliza kwa nini sikusema. Konda akapiga ubavu wa basi mara mbili, ikawa hakuna wakati wa kujibu.

Nimerudi. Sikufungua kibanda. Nimekaa mezani upande wake, na nimejaribu kuandika mistari tisa juu yake kwa maneno yangu mwenyewe. Nimepata minne. Kesho nitampigia simu nimwulize amesoma nini.